Jinsi ya kukizuru Hallstatt, kijiji cha chumvi katika Milima ya Alps, na kuelewa unachokiona

Watu wengi hushuka gatini Hallstatt saa tano asubuhi, hupiga picha za nyumba za mbao zilizobanana kando ya ziwa, hula aiskrimu, na ikifika saa nane mchana wameshaondoka. Mara ya kwanza nami nilifanya hivyohivyo. Nilirudi nyumbani na picha mia na kitu, lakini sikuweza kumjibu mama aliponiuliza swali rahisi kabisa kwenye simu: "Sasa hao watu walifuata nini kwenye mwamba ule?"

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, nikipeleka ndugu na wageni wanaonitembelea Austria, na nimeona kuna mpangilio mmoja unaofanya kijiji kieleweke: anza juu mlimani, kwenye mgodi wa chumvi, kisha teremka. Kila utakachokiona chini, kuanzia makanisa, mafuvu, uwanja wa soko hadi wembamba wa vichochoro, kimetokana na kilichoko juu. Ukianzia chini utaona vitu vizuri visivyohusiana. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Kabla ya kufunga safari

Hallstatt iko katika jimbo la Oberösterreich nchini Austria, kwenye eneo liitwalo Salzkammergut, ukingoni mwa ziwa Hallstätter See. Wakazi wake ni kama 750 tu. Siku za msimu mkubwa wageni huweza kufika 10,000 kwa siku moja. Ziweke namba hizo mbili kichwani, kwa sababu zitakusaidia kuamua mengi.

Jambo la kwanza la kuamua ni kulala. Lala usiku mmoja, hata kama chumba ni ghali kuliko ulivyotarajia. Ukikosa nafasi kijijini, tafuta Obertraun, ng'ambo ya ncha ya kusini ya ziwa. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kijiji si cha wenyeji wala si chako, ni cha mabasi. Alfajiri na jioni kinarudi kuwa kijiji.

Jambo la pili ni msimu. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri lakini hapapitiki. Mimi hupendelea mwisho wa Mei, au Septemba. Majira ya baridi theluji hupendeza sana, ila mgodi hufungwa kwa wiki kadhaa, na kijitreni cha kupandia mlimani nacho husimamishwa mara kwa mara kwa matengenezo. Hakikisha kwenye tovuti ya mgodi siku chache kabla ya kwenda. Bila mgodi, nusu ya safari imekwenda.

Mzigoni weka koti, hata kama nje ni jua kali, maana ndani ya mgodi ni nyuzi 8 mwaka mzima. Viatu viwe vya kamba, vyenye soli isiyoteleza. Beba pia noti ndogo na sarafu, maana kuna mahali ambapo kadi haisaidii. Anayetoka Kenya, Tanzania au Kongo moja kwa moja atahitaji viza ya Schengen. Ukiwa tayari unaishi Ujerumani, Italia au nchi nyingine ya Schengen na karatasi zako ziko sawa, unapanda treni tu.

Hatua ya 1: Fika kwa treni, vuka kwa meli

Kutoka Vienna, panda treni hadi Attnang-Puchheim, badilisha hapo, kisha fuata reli ya Salzkammergut hadi kituo kiitwacho Hallstatt. Safari nzima huchukua kama saa tatu na nusu. Kutoka Salzburg kuna basi namba 150 hadi Bad Ischl, halafu treni. Dirisha zuri ni la upande wa kulia ukielekea kusini, kwa sababu ziwa litakuwa upande huo.

Usishangae ukishuka na usione kijiji. Reli hii ya mwaka 1877 ilipita ukingo wa mashariki wa ziwa, na kijiji kiko ukingo wa magharibi. Unateremka hatua chache hadi gatini, unapanda meli ndogo inayosubiri abiria wa treni, na baada ya dakika kama kumi uko ng'ambo. Nauli ni euro chache.

Ningekushauri uje hivi hata kama una gari. Barabara ya kwanza ilifika Hallstatt mwaka 1890 tu, tena kwa kulipua mwamba. Kabla ya hapo watu walifika kwa mashua au kwa vijia vyembamba vya mlimani, na ndani ya kijiji penyewe palikuwa na njia ya juu iliyopita katika dari za nyumba za watu. Unapokaribia kwa maji unaona kilichowalazimu: mlima umesimama wima, ziwa lenye kina cha mita 125 liko chini yake, na katikati hakuna ardhi. Nyumba zimepandiana kama watu wanaochungulia juu ya mabega ya wenzao.

Zingatia hili: meli huacha kazi mapema jioni, wakati treni bado zinapita. Dada mmoja niliyempokea alifika na treni ya usiku, akajikuta kituoni peke yake, giza, maji mbele na taa za kijiji ng'ambo. Ilibidi atafute teksi ya kuzunguka ziwa. Linganisha ratiba ya treni na ya meli kabla hujakata tiketi.

Hatua ya 2: Panda mlimani kabla ya kutazama chochote

Ukishuka melini utatamani kuingia uwanja wa soko ulio mbele yako. Jizuie. Weka mizigo unapolala, kisha tembea kuelekea kusini kama robo saa hadi mtaa wa Lahn, ambako kijitreni kinachovutwa kwa waya hupanda mlima. Jitahidi uwe kwenye safari za kwanza za asubuhi. Tiketi ya kijitreni pamoja na mgodi si rahisi, andaa zaidi ya euro 30 kwa mtu mzima. Pesa hiyo mimi siihurumii.

Juu kabisa, karibu na kituo, kuna jukwaa la chuma lililochomoza hewani, kama mita 360 juu ya mapaa. Piga picha yako, halafu geuza mgongo kwa ziwa na utazame bonde dogo la nyasi linalopanda kuelekea mgodini. Hilo ndilo eneo muhimu kuliko yote Hallstatt, na watu hulipita bila kugeuza shingo.

Mwaka 1846, msimamizi wa mgodi aliyeitwa Johann Georg Ramsauer alikuwa akitafuta kokoto hapo, akakuta mifupa. Angeweza kufukia akaendelea na kazi zake. Badala yake alichimba taratibu kwa miaka 17, hadi 1863, akafungua makaburi 980, na kila kaburi likachorwa kwa rangi za maji: mifupa ilivyolala, bangili ilipokuwa, sufuria ya shaba ilipowekwa. Wakati huo wachimbaji wengi wa makaburi Ulaya walikuwa wanatafuta dhahabu tu, mengine wanatupa. Kwa kazi yake na ya waliomfuata, wanaakiolojia waliipa sehemu ya kwanza ya Zama za Chuma za Ulaya, takriban mwaka 800 hadi 450 Kabla ya Kristo, jina la kijiji hiki. Mwanafunzi wa akiolojia popote duniani akisema "utamaduni wa Hallstatt", anataja bonde hili la nyasi.

Waliozikwa hapo walikuwa matajiri, na utajiri wenyewe ulikuwa chumvi. Nyama haikai bila chumvi, na bila nyama ya akiba majira ya baridi huku ni njaa. Lakini mifupa ilipopimwa na wataalamu wa siku hizi ilionyesha pia kwamba utajiri huo haukuja bure. Viungo vimelika kwa kubeba mizigo mizito na kupiga sururu, na alama za kubeba zimeonekana hata kwenye mifupa ya watoto.

Ndani ya mgodi utapewa nguo za kuvaa juu ya zako, kisha utamfuata kiongozi kwenye handaki. Maelezo hutolewa kwa Kijerumani na Kiingereza. Kuna maporomoko mawili ya mbao ya kuteleza kwa makalio kama walivyofanya wachimbaji, refu likiwa na mita 64. Asiyetaka hupita ngazi zilizo pembeni, na hakuna atakayemcheka.

Sikiliza kwa makini habari za vitu vilivyokutwa humu. Chumvi huhifadhi kila kitu, hivyo mambo ambayo kwingine yalioza miaka elfu mbili iliyopita hapa yapo: mifuko ya ngozi ya kubebea chumvi mgongoni, vipande vya nguo vyenye rangi zake, na maelfu ya vijiti vya mbao walivyochoma kupata mwanga. Mwaka 2003 ilikutwa ngazi ya mbao ambayo miti yake, kwa kuhesabu pete za shina, ilikatwa mwaka 1344 Kabla ya Kristo. Ni ngazi ya zamani kuliko zote za mbao zinazojulikana Ulaya. Hata kinyesi cha wachimbaji kimebaki. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walikuta ndani yake shayiri, mtama na maharage, pamoja na kuvu zinazoonyesha kwamba karibu miaka 2,700 iliyopita watu hawa walikunywa bia na kula jibini la ukungu wa buluu.

Na alikutwa mtu. Aprili 1734 wachimbaji waliona ndani ya ukuta wa chumvi mwili wa mwanamume, umebanwa ukawa bapa, nguo na viatu vyake vya kizamani vikiwa bado vinaonekana. Alikuwa mchimbaji aliyefukiwa zamani mno. Walimtoa wakamzika pembeni mwa makaburi, kwa kuwa haikujulikana kama alikuwa Mkristo.

Niliwahi kumpeleka humu mjomba wangu, mtu wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, aliyefanya kazi mashamba ya chumvi karibu maisha yake yote. Alisimama kwenye ukuta wenye mistari myekundu na ya kijivu, akagusa kwa kidole, akaonja. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hebu muulize huyu binti. Hii chumvi wanaianika wapi?"

Nikamuuliza kiongozi, nikamrudishia jibu. "Haianikwi, mjomba. Jua la huku halitoshi. Ina udongo mwingi, kwa hiyo wanaiyeyusha humuhumu mlimani kwa maji, halafu yale maji yanapikwa."

"Yanapikwa? Kwa kuni?"

"Zamani ilikuwa kwa kuni."

"Basi msitu waliumaliza," alisema mjomba, na akaendelea kutembea.

Kiongozi alipotafsiriwa alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa. Swali la mjomba ndilo litakalokuongoza hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Teremka kwa miguu

Kama magoti yanaruhusu, usirudi na kijitreni. Teremka kwa njia ya zamani ya wachimbaji, inayozunguka msituni hadi kijijini kwa muda wa kama saa moja. Wanawake waliteremsha mawe ya chumvi migongoni kwenye mteremko huu, na ukiwa umeshika mti ili usiteleze utaelewa uzito wa maneno hayo.

Mwanzoni mwa njia utapita mnara wa mawe, Rudolfsturm. Mtawala Albrecht wa Kwanza aliujenga mwaka 1284 kuilinda chumvi dhidi ya Askofu Mkuu wa Salzburg, aliyekuwa na migodi yake na hakutaka mshindani, akauita kwa jina la baba yake, Mfalme Rudolf. Ramsauer aliishi humo. Sasa ni mkahawa, na kahawa yake inanyweka.

Kisha angalia njia ya bomba. Kuni zilipoanza kuadimika karibu na Hallstatt, wakubwa wa chumvi waliona ni nafuu kuyapeleka maji ya chumvi kwenye msitu kuliko kuuleta msitu kwenye chumvi. Kati ya 1595 na 1607 walitoboa magogo 13,000 kwa urefu, wakayaunganisha mwisho kwa mwisho, wakatengeneza bomba la kilomita 40 hadi Ebensee, likiteremka kwa mwinamo mdogo tu ili maji yaende yenyewe. Hakukuwa na pampu. Magogo yamebadilishwa kwa mabomba ya kisasa, lakini maji ya chumvi ya Hallstatt mpaka leo hupikiwa Ebensee. Ukiwa na siku ya ziada, njia ya miguu inayofuata bomba kuelekea kaskazini ni tambarare na ina kivuli, inafaa hata kwa wazee.

Hatua ya 4: Kanisa la juu na nyumba ya mifupa

Njia inakutoa karibu na kanisa Katoliki la Bikira Maria, lililokaa kwenye jukwaa la mawe juu ya mapaa. Mnara wake una asili ya karne ya 12, na jengo la sasa ni la takriban mwaka 1505. Ingia, kaa kwenye benchi, na utazame altare kubwa yenye milango, kazi ya mchongaji Leonhard Astl ya mwanzoni mwa karne ya 16. Maria yuko katikati. Ubavuni mwake wamesimama Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, na Mtakatifu Katarina, msimamizi wa wakata kuni. Chumvi na kuni, zote mbili ziko altareni. Wageni wengi husifu dhahabu yake wakapita. Wewe umetoka mgodini, utajua kwa nini ni hawa wawili.

Nyuma ya kanisa kuna makaburi, madogo kama bustani ya nyumba moja, yamejaa maua. Mahali penyewe ni padogo mno kuwalaza wote waliokufa hapa kwa karne nyingi, na ndiyo sababu ya nyumba ya mifupa iliyo katika kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli. Kaburi lilifunguliwa baada ya miaka kumi hadi kumi na tano, mifupa ikatolewa kumpisha marehemu mwingine. Fuvu lilisafishwa, likaachwa nje wiki kadhaa hadi likawa jeupe, kisha mchoraji akaandika jina na mwaka, akalizungushia shada la maua au majani. Desturi ya kuyachora ilianza mnamo 1720. Leo yapo mafuvu kama 1,200, na 610 kati yake yamechorwa, yamepangwa familia kwa familia.

Kuna ada ndogo mlangoni. Nakushauri uingie na watu wachache iwezekanavyo, na simu ikae mfukoni kwa dakika za kwanza. Niliingia na shangazi yangu, nikaogopa angeshtuka, maana kwetu mifupa ya mtu haiwekwi wazi. Alisoma jina moja, la pili, la tatu, yote ya ukoo mmoja. Kisha akasema polepole, "Kumbe hawajatengana." Hapo niliona kwamba nilikuwa nimeingia humo mara nne nikiangalia mafuvu, na yeye mara yake ya kwanza aliangalia watu.

Fuvu la mwisho liliwekwa mwaka 1995, la mwanamke aliyefariki 1983 na kuacha usia kwamba alazwe humo pamoja na wenzake. Utalitambua kwa jino la dhahabu. Kanisa Katoliki liliporuhusu kuchoma maiti miaka ya 1960, haja ya nafasi ilipungua, na desturi ikafifia yenyewe.

Hatua ya 5: Uwanja wa soko na kanisa la chini

Teremka ngazi zenye paa hadi uwanja wa soko. Hallstatt ilipewa haki ya soko mwaka 1311 na Malkia Elisabeth, mjane wa yule Albrecht wa mnara. Nguzo ya Utatu Mtakatifu katikati ya uwanja ni ya 1744. Ilikuwa imesimama miaka sita tu pale moto wa 1750 ulipoteketeza sehemu kubwa ya kijiji, kwa hiyo nyumba nyingi za rangi unazoziona zilijengwa baada ya hapo. Kwenye kuta kadhaa miti ya matunda imefungwa ikapanda kama michoro, matawi yakitandazwa bapa ukutani, kwani mahali pa kupanda mti wima hakuna.

Sasa tazama kanisa lenye mnara mwembamba kando ya maji. Ndilo lililo mbele katika picha zote za Hallstatt, na wengi hudhani ndilo kanisa kuu la kijiji. Ni la Walutheri, na mnara wake una kisa.

Wachimbaji wa chumvi waliupokea upesi mwito wa Luther, na watawala wa Austria waliokuwa Wakatoliki hawakufurahi. Mwaka 1601 wafanyakazi wa chumvi wa eneo hili waliasi, na mwaka uliofuata wakazimwa kwa askari. Wengi waliendelea na imani yao kwa siri, vitabu vikifichwa majumbani. Mwaka 1734, mwaka uleule wa maiti ya mgodini, Kaisari Karl wa Sita alianza kuwahamisha kwa nguvu Waprotestanti wa Salzkammergut hadi Transylvania, iliyoko Romania ya leo. Familia ziliondoka hapa kwa mashua, hazikurudi.

Mwaka 1781 Kaisari Joseph wa Pili aliwaruhusu waliobaki wasali, ila nyumba yao ya ibada isiwe na mnara, isiwe na kengele, na mlango wake usielekee barabarani. Walisali hivyo kwa miaka 80. Sheria ilipobadilika mwaka 1861 walijenga, na kanisa likafunguliwa 1863, na mnara wake wakaupeleka juu kabisa. Kwa hiyo ukiupiga picha, jua unapiga picha ya kitu ambacho babu zao walikatazwa.

Mlango kwa kawaida huwa wazi. Ndani hakuna mapambo mengi.

Hatua ya 6: Makumbusho, kama mvua inanyesha

Jumba la makumbusho la kijiji ni dogo na linatosha saa moja. Litafute hasa kama mgodi ulifungwa. Pia, duka moja la vifaa vya michezo karibu na hapo lilikuta kuta na mabaki ya kale lilipochimba chini ya sakafu yake, na huruhusu wageni kushuka kuyatazama bila malipo. Wasalimie wauzaji kwanza.

Hatua ya 7: Jioni, ukiwa mgeni wa watu

Mabasi yakiondoka, tembea tena njia zilezile. Utasikia maporomoko ya maji ya Mühlbach yanayopita katikati ya nyumba, ambayo mchana husikii. Agiza samaki wa ziwa aitwaye Reinanke, wa kuchoma au wa moshi. Kwa wenzetu Waislamu, ndiye chakula kisicho na wasiwasi kwenye vyakula vingi vya huku vyenye nguruwe, ila uliza amekaangwa kwa mafuta gani.

Hapa niseme neno kuhusu wenyeji, maana wageni wengi hawajui wanayopitia. Tangu eneo hili liingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, sifa zake zimekua kuliko vichochoro vyake. Mwaka 2012 ilifunguliwa nakala yake nzima nchini China, mkoa wa Guangdong, yenye uwanja wa soko na mnara. Mei 2023 kijiji kilisimamisha ukuta wa mbao kwenye sehemu maarufu ya kupigia picha, ili watu wapungue kelele chini ya madirisha ya wakazi. Uliondolewa baada ya siku chache kwa malalamiko. Agosti mwaka huohuo wakazi kama mia moja walitoka wakaziba handaki la barabara kwa muda, wakidai idadi ya wageni ipunguzwe. Mabasi ya watalii siku hizi lazima yakate nafasi mapema.

Kwa hiyo fanya kama ungefanya ukiingia kijiji chochote cha kwetu. Salimia: "Grüß Gott" inatosha kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, na utashangaa jinsi uso wa mtu unavyobadilika. Usisukume geti la bustani, hata likiwa wazi. Usichungulie dirishani. Usirushe droni, hairuhusiwi. Kwenye makaburi, mwenye kumwagilia maua ana marehemu wake pale, mpishe.

Ukibahatika kuwapo kwenye sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Alhamisi ya siku ya 60 ukihesabu kutoka Pasaka, utaona maandamano ya Ekaristi yakifanywa ziwani kwa mashua, desturi iliyoanza karne ya 17. Vyumba huisha miezi mingi kabla.

Hatua ya 8: Picha, asubuhi

Nenda kaskazini mwa kijiji, Gosaumühlstraße, jua linapochomoza. Kijiji kiko magharibi mwa ziwa na mlima uko nyuma yake, kwa hiyo mwanga mzuri ni wa asubuhi. Alasiri mlima hulimeza jua mapema, na kijiji huwa kivulini wakati mbingu bado nyeupe. Nong'ona, kwa sababu nyumba zilizo juu yako zina watu waliolala.

Hatua ya 9: Malizia Vienna

Mwenye siku ya tatu huweza kwenda Obertraun kupanda mlima Krippenstein na kuona mapango ya barafu ya Dachstein. Lakini kama unarudi kwa njia ya Vienna, safari ya Hallstatt haijaisha mpaka uingie Naturhistorisches Museum, yaani makumbusho ya historia ya asili, ambako vitu bora vya makaburi ya Ramsauer vimehifadhiwa, na ambao watafiti wake huchimba mgodini kila mwaka tangu 1960. Nenda moja kwa moja vyumba vya historia ya kale.

Tafuta chombo cha shaba chenye ng'ombe mdogo kwenye mkono wake, na ndama amemfuata nyuma. Kisha tafuta upanga wa kaburi namba 573. Mpini wake umetengenezwa kwa pembe ya ndovu na kupambwa kaharabu, yaani utomvu wa miti ulioganda ukawa kama jiwe. Kaharabu ilitoka pwani za Baltiki, kaskazini. Pembe ilitoka kusini, ikavuka Mediterania na kupanda milima hadi kwenye lile bonde la nyasi, miaka zaidi ya 2,500 iliyopita, ikalipwa kwa chumvi. Mjomba alisimama mbele ya kioo hicho muda mrefu kuliko popote pengine tulipopita. Chumba kinafungwa jioni na walinzi huanza kuwatoa watu mapema, kwa hiyo kianze hicho, vingine baadaye.